Gari Zima ni la Ukoo

Watu wakianza kubishana kuhusu gharama ya gari la Mjerumani na la Mjapani, mimi hunyamaza. Kila mtu hesabu yake huanzia gereji: oili, plagi, pedi za breki, bei ya spea. Hakuna anayeuliza una shangazi wangapi. Mimi nimemiliki yote mawili hapa Eldoret, na nakwambia hilo ndilo swali la kwanza.

Mjapani wangu alikuwa mweupe, wa stesheni-wagoni, na alifika nchini akiwa tayari mzee. Asubuhi za baridi, wakati magari ya majirani yanakohoa uani mtaa wetu wote wa Kapsoya, yeye ukimgusa tu anawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake kubwa. Sisi ni watu wa upande wa ziwa, tulikuja huku juu kutafuta kazi, mmoja akamvuta mwenzake, mwenzake akawavuta wengine, mpaka ukoo mzima ukawa unaishi kati ya Langas na Huruma. Na katika ukoo kama wetu gari zima si la mwenye jina kwenye karatasi. Ni la wote. Mwenye jina kazi yake ni kununua mafuta.

Nilibeba jeneza mara mbili. Nilibeba ngoma za kwaya pamoja na kwaya yenyewe. Msimu wa mavuno nilitumwa Moi's Bridge kuleta mahindi, magunia sita kwenye gari lililoundwa ili mama mmoja apeleke mtoto shule. Binamu yangu aliliazima kwa dakika kumi akalirudisha baada ya siku mbili, likinuka samaki, na mkanda mmoja wa kiti haupo. Mpaka leo hakuna aliyenieleza mkanda ule ulienda wapi.

Spea zake zilikuwa rahisi, sikatai. Zilipatikana kila kona, hata kwa muuza mboga ungeweza kuulizia. Lakini nilizinunua kila mwezi. Springi zikilala leo, bushi zinakwisha kesho. Fundi wangu, Mluhya mmoja mcheshi aliyekuwa anatambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu, aliniambia siku moja akiwa chini yake:

"Mzee, hii gari haina makosa. Makosa ni ya hao watu unabeba. Punguza watu, mimi nitafunga gereji."

Pale kliniki ninapofanya kazi, mjini, chumba cha eksirei, kulikuwa na mfamasia aliyeendesha Mjerumani. Yeye Jumamosi alikuwa analala. Nilimwuliza siri yake. Akanitazama kwa huruma akasema, "Mimi nikipigiwa simu nasema iko gereji. Na mara nyingi ni ukweli."

Nikauza Mjapani kwa mzee mmoja wa maziwa kule kituo cha Ziwa, kwa wafugaji, ambaye nasikia bado anapakia mitungi hadi leo na gari halijalalamika. Nikanunua Mjerumani mweusi kutoka kwa bwana aliyekuwa anahamishwa kikazi. Siku aliyonipa ufunguo alitabasamu sana. Nilidhani ni ukarimu.

Wiki mbili baadaye taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa Mjerumani hasikilizi gari. Hata mikono haichafui. Anaingiza waya, anafungua kompyuta, anasoma, anakutajia kosa na ada ya kulisoma. Ni kama kulipa mtu akusomee mtihani uliofeli. Kidude kimoja cha ukubwa wa kidole gumba kilikuwa bei ya mtamba wa Ziwa mwenye mimba. Kikaagizwa Nairobi, kikaja kisichofaa, kikarudishwa, kikaja kingine. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hana subira na wapumbavu wa umri wowote, aliniuliza kama kidude hicho kitatupa maziwa.

Basi ni katika siku hizo, gari likiwa bovu kwelikweli, ndipo nilipofanya ugunduzi wangu. Binamu wa mkanda alipiga simu Ijumaa jioni. Kuna matanga nyumbani, twende. Nikasema, "Iko gereji."

"Eh, pole sana, ndugu yangu," akasema, akakata simu.

Sijawahi kusikia pole ikaingia mwilini tamu vile. Hakubembeleza, hakunikumbusha ukoo wetu ulitoka wapi. Jumamosi ile nililala hadi saa nne. Baada ya miezi miwili nilipiga hesabu nikaona kwamba hata nikijumlisha kidude, ada ya kompyuta na usafirishaji kutoka Nairobi, bado nilikuwa mbele. Mjerumani mbovu ni nafuu kuliko Mjapani mzima. Hakuna fundi atakayekwambia hivyo, kwa sababu mafundi nao wana jamaa.

Taabu ni kwamba kidude sahihi kilifika, gari likapona. Mtu mwungwana angetangaza. Mimi nilinyamaza. Siku za kazi nililiendesha kwa kupitia barabara za nyuma, na kila Ijumaa jioni nikilirudisha uani nafungua boneti, naweka spana mbili juu ya injini, naliacha hivyo hadi Jumatatu. Ukipita langoni unaona gari la mtu mwenye matatizo. Mke wangu aliniambia, "Wewe unaweka gari dripu Ijumaa, unaitoa dripu Jumatatu." Nilicheka. Nilijiona mjanja sana, na sitajifanya leo kwamba sikufurahia.

Sasa nimtaje dada yangu, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mmoja. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Omena hizo ndizo zilizonisomesha chuo, debe kwa debe, na tangu nihitimu ananiita Daktari ingawa anajua kazi yangu ni kumwambia mgonjwa asipumue, kisha kubonyeza kitufe. Aliteleza sokoni siku ya mvua, goti likavunjika, likaunga vibaya. Picha niliipiga mimi mwenyewe. Najua kila ufa wa goti lile. Wakampangia kliniki kwenye hospitali ya misheni kule Plateau, nje ya mji, kila Jumanne ya pili, na enzi za Mjapani nilikuwa nampeleka mimi, mguu wake umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma, akinisimulia umbea wa soko zima hadi tufike.

Baada ya kununua Mjerumani aliniomba mara moja tu.

"Daktari, kesho ni kliniki."

"Dada, gari iko gereji."

"Haya. Mungu ataitengeneza."

Gari lilikuwa uani, zima, tangi nusu. Sikuwa nimepanga kumdanganya yeye. Nilikuwa nimechoka, na maneno yale nilikuwa nimeyazoea kiasi kwamba yalitoka yenyewe, kama amina. Nilijiambia akiniomba tena nitampeleka. Hakuniomba tena. Akawa anaenda na boda, mguu umetokeza kando, na mvua ya huku haina adabu. Nililijua hilo, na kila Jumanne ya pili nilikuwa najitafutia kazi nyingi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, lango likagongwa. Niliwahesabu wakiingia: shangazi watatu, binamu wa mkanda, mama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, waimbaji wawili, yule fundi wangu wa zamani na kisanduku chake cha vifaa, na mwisho kabisa dada, polepole, na fimbo. Boneti ilikuwa wazi tangu Ijumaa. Wote walilitazama gari kwanza, wakanitazama mimi, wakatikisa vichwa.

Mama mwenyekiti alisimama katikati ya ua akasafisha koo.

"Mwanetu, tumeona gari yako imekuwa mgonjwa miezi saba. Na wewe umenyamaza tu, umebeba peke yako. Ndugu ni kufaana. Ile yako nyeupe ilitubeba sisi wote. Sasa na sisi tumekuja kuibeba hii."

Akanipa bahasha. Ilikuwa nene kwa noti ndogondogo.

"Na ujue ni dada yako alianza," shangazi mkubwa akadakia. "Sisi hatungejua. Ni yeye alisema wewe unaona aibu kuomba. Alitoa wa kwanza."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameegemea ukuta, anapumzisha mguu, na alikuwa akitabasamu kwa fahari, kama siku niliyohitimu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu alikuwa mlangoni, amekunja mikono, na uso wake ulinieleza wazi kwamba hapo hapatoki msaada.

Nilijaribu kurudisha bahasha. Shangazi akaniambia niache kiburi. Nilifungua mdomo niseme ukweli, naapa niliufungua, lakini mama mwenyekiti akasema, "Tuombe," wote wakalizunguka gari na kuweka mikono juu yake. Shangazi mkubwa ndiye aliyeongoza. Alimwomba Mungu aliyeumba chuma aguse injini, aguse giaboksi, aguse na zile nyaya ambazo sisi hatuzijui lakini Yeye anazijua. Binamu wa mkanda alilia. Mimi nilisema amina.

"Lete ufunguo, mzee," fundi akasema.

"Hii ni ya kompyuta," nikamwambia. "Bila kompyuta utaiharibu."

"Wacha nijaribu tu. Kuna Mungu."

Akaingia, akaketi, akafuta mikono kwa heshima kabla ya kugusa usukani. Nimeendesha magari mabovu nusu ya maisha yangu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoomba gari lisiwake. Likawaka. Likawaka mara moja, likanguruma chini kwa chini, yule Mjerumani asiye na haya, huku spana zangu mbili zikicheza ngoma juu ya injini.

Vigelegele vilisikika nadhani hadi barabara kuu. Waimbaji wakaanzisha wimbo. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mama mwenyekiti akaruka, mwanamke wa umri wake, mara tatu. Fundi, ambaye si mjinga, alishuka, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia: oili safi, nilikuwa nimeibadilisha wiki ile ile. Akanitazama. Akakifuta kile kijiti, akakirudisha taratibu.

"Mungu ni mkubwa," akasema, akaziondoa spana zangu, akafunga boneti.

Kabla sijameza mate walikuwa wamekwisha kuingia. Shangazi watatu nyuma, mwimbaji mmoja juu ya mapaja yao, mama mwenyekiti mbele, binamu akiwaelekeza wengine wasubiri raundi ya pili. Bahasha, wakaamua bila kuniuliza, sasa iwe ya petroli, kwa sababu Jumamosi kuna matanga.

Dada hakuingia. Alikuwa anaelekea langoni, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Nilimkimbilia.

"Dada, njoo ukae mbele. Nitamwambia mama mwenyekiti arudi nyuma."

Aligeuka akanitazama. Ile fahari haikuwepo tena. Yeye hajui oili wala kijiti, lakini amenilea. Alinijua nikiwa naiba sukari.

"Gari haikuwa mgonjwa, Daktari," akasema. "Mimi ndio nilikuwa mgonjwa."

Alisema kwa sauti ya chini, ili wale waliokuwa ndani ya gari wasisikie. Hata hapo alikuwa bado ananifunika. Kisha akainua fimbo, boda akasimama, akapanda kwa upande, mguu ukatokeza barabarani. Nyuma yangu watu wanane wakawa wanapiga honi ya gari langu wakiniambia twende.

Niliwapeleka Langas, raundi mbili, wakiimba njia yote.

Jumanne ya kliniki nilifika nyumbani kwa dada kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jirani aliyekuwa anafagia akaniambia ameondoka kitambo, na boda. Kulikuwa na manyunyu. Nikaendesha hadi Plateau peke yangu, hita ikinipuliza miguu vizuri kabisa.

Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, mabega ya koti lake yamelowa. Nilikaa kando yake. Nikamwambia nilimdanganya na kwamba sina la kujitetea, kisha papo hapo nikaanza kujitetea: magunia, matanga, springi, binamu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Akaendelea kutazama mlango wa daktari.

Muuguzi alitoka na faili, akaita jina lake. Dada akajiinua kwa fimbo. Muuguzi akaona anavyoyumba, akamwuliza, "Mama, umekuja na mtu wa kukushika?"

Nilikuwa nimekwisha kusimama, ufunguo mkononi.

"Hapana," dada akasema. "Nimekuja peke yangu."