Muulize Mwenzangu

Nimefundisha historia ya wafanyakazi na migomo yao zaidi ya miaka ishirini, na bado kuna watu wenye shahada kubwa wanaonichefua. Mmoja ni mwenyekiti wa kamati ya uchapishaji ya chuo. Aliusoma muswada wa kitabu changu, akaandika pembeni ya sura ya tano kwamba bila jina la kiongozi huo si mgomo, ni ugomvi wa wanawake uwanjani. Akashauri sura iondolewe.

Sura yenyewe inahusu uwanja wa kuanikia katani katika shamba moja nje ya Korogwe. Wanaume walikata mkonge, mashine ikaukamua, wanawake wakatundika nyuzi mbichi kwenye waya zikauke. Nyuzi mbichi zikilala chini zinaharibika rangi, na mwenye shamba anapata hasara. Wanawake walilijua hilo. Asubuhi moja waliketi kando ya marundo, wakasema hawatundiki hata uzi mmoja mpaka wajengewe banda la kuwalaza watoto wao wachanga, ambao walikuwa wanalazwa juani juu ya kanga. Banda likajengwa. Nimekulia humo, maana mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mtu akiniambia ule ulikuwa ugomvi, ananitukana mimi na aliyenizaa.

Nikasema sawa, jina wanalitaka, nitawaletea jina. Nilianzia nyumbani, Korogwe ya zamani. Mama alikuwa anachambua mchicha barazani. Nilimpa shikamoo yake, nikamuuliza papo hapo nani alianzisha.

"Mambo ya zamani hayo," akasema. "Muulize mwenzangu wa Kerenge. Yule ndiye mwenye kumbukumbu."

"Mama, mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa saba, na wewe umo. Nenda Kerenge."

Nikaenda Kerenge. Mwenzake alinikaribisha kwa chai na mihogo, akaniuliza habari za mama, za watoto, za mvua, mpaka swali langu likapoa mdomoni. Nilipolitoa, akasema siku ile yeye alikuwa mwisho kabisa wa mstari, hakuona vizuri. Nimuulize mwenzake aliyerudi kwao Kang'ata.

Kang'ata iko Handeni, na kwa bodaboda nilifika huko nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Yule mama wa Kizigua, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa anapukuchua mahindi. Alinisukumia ungo nami nikapukuchua. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Aliyeanzisha?" akasema. "Mwanangu, umekuja mbali bure. Anayejua yuko kwenu. Muulize mwenzangu wa Korogwe ya zamani, mama yako."

Nilikasirika. Sisemi nilisikitika, nilikasirika, na nilikasirika njia nzima ya kurudi. Bibi za watu, wenye wajukuu, wananizungusha wilaya mbili kama mtoto aliyetumwa dukani kununua kitu kisichouzwa.

Mama aliniona navua viatu mlangoni, akanicheka waziwazi.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama."

"Hata nyapara alichoka."

Ndipo akanisimulia. Siku ile msimamizi, nyapara wao, alikuja uwanjani na swali langu hilohilo, nani kaanzisha. Akimpata mmoja angemfukuza, na wengine wangerudi kwenye waya kwa hofu. Wa kwanza akamwambia, muulize mwenzangu. Akamwendea wa pili. Muulize mwenzangu. Alizunguka uwanja wote, mstari baada ya mstari, akajikuta kwa yule wa kwanza, na muda wote huo katani inaharibikia chini.

"Wala hatukupanga," mama akasema. "Wa kwanza aliogopa tu, akamtupia jirani. Jirani angeweza kumtaja. Hakumtaja." Akauweka mchuzi mbele yangu. "Haya, wewe na chuo chenu, mkishampata mnataka kumfukuza wapi?"

Nilikula nikiwa na aibu, halafu aibu ikaisha na hasira ikarudi, safari hii ikiwa imepata mwenyewe. Miaka yote nimewafundisha vijana kutafuta kiongozi kwanza. Waajiri nao hutafuta kiongozi kwanza, na wana sababu zao. Mimi sababu yangu ilikuwa nini? Niliketi nikaiandika upya sura ya tano. Jina sikuongeza. Niliongeza ule mzunguko wa nyapara, na wangu baada yake, nikaipeleka.

Kamati ilipokutana tuliizunguka meza ndefu. Mwenyekiti aliweka kalamu juu ya sura yangu, akatabasamu kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mwalimu, tusaidie. Jina moja tu. Nani alianzisha?"

"Muulize mwenzangu," nikasema.

Nilisema kwa hasira, bila kufikiri, na aliyekaa kulia kwangu alikuwa mwalimu kijana, mwanamke, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha na anayetakiwa kuusaini ni mwenyekiti huyohuyo. Sura alikuwa ameisoma. Nilitamani kulirudisha neno langu, lakini macho ya mwenyekiti yalikwisha kumfikia. Alikohoa, akashika ukingo wa meza.

"Muulize mwenzangu," akasema.

Sura imebaki, kila neno. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye ngazi za jengo, nikamweleza mimi nilivyosema na yule binti alivyosema. Habari ya sura hakuiuliza.

"Na wa tatu je?"

Nikamwambia wa tatu ni mzee wa watu, anakaribia kustaafu, hajawahi kubishana na mtu katika kikao. Alivua miwani akaifuta, kisha akamwelekeza mwenyekiti kwa wa nne.

Nilisikia sufuria ikifunikwa upande wa pili.

"Basi hapo mmegoma," akasema.