Muhula Niliojifunza Kuogelea

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, chini ya kilima cha Asego, mahali ambapo ukisimama mlangoni mwa bweni ulilitazama ziwa lote. Ilikuwa shule ya kuwaandaa wavulana waliotaka kuwa maofisa wa jeshi. Tulisoma hesabu na jiografia kama wanafunzi wengine, lakini kabla ya darasa kulikuwa na gwaride, na kabla ya gwaride kulikuwa na kukimbia hadi kileleni mwa Asego na kurudi. Aliyefaulu pale ndiye aliyepelekwa kwenye chuo chenyewe cha kijeshi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na sote tuliamini kwamba nchi ilikuwa inatungoja sisi.

Mimi nilitoka upande wa Isebania, kwa Wakuria, kwenye boma la ng'ombe na mashamba ya wimbi. Kukimbia hakukunisumbua. Kulala kwenye baridi hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni maji. Nilipokuwa mdogo, kaka yangu mkubwa alichukuliwa na Mto Migori akivusha ng'ombe wakati wa mvua, nami nikiwa nimesimama ukingoni nimeshika fimbo yake. Ng'ombe walitoka wote. Yeye hakutoka. Tangu siku hiyo, hata kuoga nilipenda maji yawe kwenye karai.

Wiki ya kwanza walituteremsha hadi gatini. Sajini wetu alikuwa Mkamba mrefu aliyepigana Burma wakati wa vita vya Wazungu, mtu asiyepaza sauti bila sababu. Alituamuru turuke majini mmoja mmoja. Wenzangu waliotoka pwani ya ziwa waliruka wakicheka. Zamu yangu ilipofika nililikumbatia gogo la gati kwa mikono na miguu, wakashindwa kunibandua.

"Wewe wa Isebania," sajini akaniambia, "nitakuambia mara moja tu. Mwisho wa muhula utaogelea kutoka hapa mpaka kwenye ile mashua. Ukishindwa, unarudi kwenu."

Mashua yenyewe ilikuwa imetia nanga mbali, ndogo kama kiatu.

"Ndiyo, afande," nikasema, bado nimelikumbatia gogo.

Usiku ule kijana aliyelala kitanda cha pembeni yangu, Mjaluo wa Mbita, mtoto wa mvuvi, alinigeukia. Nilidhani atanicheka.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "Jumapili baada ya kanisa tutateremka mimi na wewe. Ila usimwambie mtu."

"Kwa nini unisaidie?"

"Kwa sababu wewe unanipita kwenye kilima halafu husimami kunicheka."

Basi Jumapili zikaanza. Tulikwenda mahali penye kina kifupi, mbali na mafunjo, kwa maana kwenye mafunjo kulikuwa na viboko. Kina mama walioanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga walitutazama na kusemezana kwa Kijaluo. Nilimuuliza mwenzangu wanasema nini. Akasema wanauliza kama yule mrefu anabatizwa au anauawa.

Hakunifundisha kuogelea mwanzoni. Alinifundisha kulala. Aliniweka chali juu ya maji, kiganja chake chini ya mgongo wangu, akaniambia nitazame mbingu na nisifanye kitu. Masikio yalipojaa maji nilimwona kaka yangu, nikaruka, nikamkwaruza uso. Alipangusa damu, akasema, "Tena."

Hilo ndilo neno lake nililolisikia kuliko yote. Tena. Nilimeza maji, nikatapika uji wa asubuhi mbele za watu. Tena. Jumapili moja nikahisi maji yamenibeba, na nilipogeuza kichwa nikamwona amesimama mbali, mikono yote miwili hewani. Sijui alikuwa ameondoa kiganja tangu lini.

Kutoka hapo nilijifunza kupiga miguu, kisha mikono, kisha kuvuta pumzi bila kumeza ziwa. Niliogelea vibaya, kama ng'ombe. Lakini ng'ombe huvuka.

Juma la mtihani alikuja daktari wa jeshi kutupima. Alitusikiliza vifua, akatuangalia meno, halafu akafungua kitabu chenye kurasa zilizojaa madoa ya rangi na kutuuliza tunaona nambari gani. Mimi nilizitaja. Mwenzangu alitazama ukurasa, akamtazama daktari, akatazama tena.

"Nambari iko wapi?" akauliza.

Macho yake hayakutenganisha nyekundu na kijani. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua. Nyumbani kwao hakuna aliyemuuliza. Jeshi halikumtaka ofisa wa namna hiyo. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani, wa kwanza majini, aliambiwa afungashe.

Nilimkuta bwenini anakunja blanketi la shule, pembe kwa pembe, kama tulivyofundishwa.

"Nitakwenda kwa sajini," nikasema. "Wakikufukuza wewe, na mimi naondoka."

Alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika.

"Ujinga gani huo? Umekunywa maji yote yale ili urudi kuchunga? Utaogelea Jumamosi. Kama utazama, zama. Lakini usiniambie hukuingia."

Aliondoka na mashua ya Mbita bila kugeuka nyuma.

Jumamosi kulikuwa na mawimbi. Sikuruka, niliteremka taratibu kwenye ngazi ya gati, na sajini akaniacha. Katikati ya njia mguu wa kushoto ukakakamaa. Nilikwenda chini, maji ya kijani yakanifunika, na hofu yote ya Mto Migori ikanirudia. Nikafanya lile alilonifundisha kwanza. Nilijigeuza chali, nikatazama mbingu, nikaacha kupigana. Ziwa likanibeba. Mguu ulipolegea nikaendelea, nikimtukana kila aliyezaliwa ufukweni, mpaka mkono wangu ukagonga ubao wa mashua.

Askari aliyekuwa mle ndani akaninyooshea mkono. Nikakataa, nikapanda mwenyewe.

Niliporudishwa gatini sajini aliniambia, "Umeogelea vibaya sana." Kisha akanipa koti lake.

Nilifaulu, nikaenda chuoni, nikalitumikia jeshi miaka mingi. Likizo yangu ya kwanza nikiwa ofisa sikwenda nyumbani moja kwa moja, nilipitia Mbita. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimeogopa kwamba sare yangu itamuumiza. Aliizunguka, akaikagua vifungo kama sajini, akauliza ni ya rangi gani.

"Kijani," nikasema.

"Basi mimi naona udongo," akasema, na tukacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Tulikula samaki. Jioni alinipeleka ufukweni, ambako darasa zima la watoto wake lilikuwa linamngoja, wamevua mashati. Akaniambia nivue viatu, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wanaogopa maji, na yeye alikuwa na mikono miwili tu.