Kipimo cha Shikamoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa jimu na ufagio. Jimu yenyewe ilikuwa banda la mabati pale Mafiga, vyuma vichache, joto tele. Kocha Mkuu wa timu yetu ya raga, mzee mrefu aliyetokea Dar, alinitazama juu mpaka chini.

"Binti, ndiye wewe mwalimu wa viungo?"

"Shikamoo kocha. Ndiye mimi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kingine kidogo cha ualimu wa mazoezi, na ndoto kubwa kuliko lile banda.

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii leo, niwasimulie tulivyoifanya. Mchezaji wa raga wa kulipwa analipwa asukume, akimbie, aangushwe, kisha ainuke arudie. Kwa hiyo asubuhi walichuchumaa na chuma mabegani, wakishuka taratibu na kuinuka kwa nguvu. Jioni mbio. Na siku ya mapumziko niliwafungia jimu kabisa, maana msuli unajijenga ukipumzishwa, si ukiteswa tu.

Kabla ya msimu tulipiga kambi Matombo, kwa ajili ya ile milima. Kocha Mkuu alisimama juu kileleni na saa yake ya kubonyeza, akipima nani anafika wa kwanza. Na kila siku wa mwisho alikuwa Kobelo.

Kobelo alikuwa propu, yaani mmoja wa wale wanene wa mstari wa mbele wanaobeba uzito wa skramu, pale timu mbili zinapofungana mabega na kusukumana. Alizaliwa hukohuko Matombo. Wenzake wakipishana na wazee njiani walirusha salamu kama watu wanaotupa maganda ya ndizi. Kobelo alisimama. Akina mama wakishuka na mikungu kichwani, aliwapisha, akawaamkia, akauliza habari za shamba, za mguu, za mjukuu aliyeko seminari. Halafu huyo, anatimka kuwafukuza wenzake. Akiwapata tu, babu mwingine anatokea na jembe lake.

"Huyu mvivu," Kocha Mkuu aliniambia. "Kambi ikiisha, mkataba wake sisaini."

Kobelo akanifuata jikoni, jitu zima, macho yamelowa. "Dada Tunu, nifanyeje? Raga ndiyo kazi yangu. Lakini nikiwapita wazee kimya, mama atakaa wapi kanisani Jumapili?"

Moyo uliniuma. Ila nilikuwa nimeona kitu. Kule juu wenzake walifika wakaanguka kwenye majani kama nguo zilizoanikwa. Yeye alifika amesimama, anapiga soga.

Nikamwendea Kocha Mkuu. "Kocha, raga si kupanda mlima kwa mkupuo mmoja. Ni kutimka, kusimama, kutimka tena. Ndicho anachofanya Kobelo kila siku."

"Unamtetea kwa sababu anakuletea ndizi."

"Ndizi nakula, kocha. Lakini pumzi yake sijaipika mimi."

Akacheka, akanipa siku moja nimthibitishie.

Kule juu alikaa Bibi Veronika, akiuza mafenesi nje ya nyumba yake. Nikawatangazia wachezaji: atakayefika amwamkie bibi, neno lisikike lote. Lisiposikika, arudi chini aanze upya.

Wa kwanza alifika winga wetu mwenye kasi. "Shi... shi..."

"Huyu anafukuza kuku wangu?" bibi akauliza.

Wa pili akajikakamua. "...moo!"

"Na huyu ng'ombe wa nani?"

Kocha Mkuu akageuka pembeni, mabega yanatikisika. Wachezaji wakarudi chini wakinung'unika. Ndipo Kobelo akatokea, ameshawaamkia wote wa njiani.

"Shikamoo bibi. Za tangu asubuhi? Ule mguu umekubali dawa?"

"Marahaba baba, umekubali. Hawa wenzio wanaumwa nini?"

Kocha Mkuu akaitia saa mfukoni. "Mwalimu," akasema, na ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "kuanzia kesho wote wasalimie." Mkataba wa Kobelo akausaini kabla hatujavunja kambi.

Basi tukakiita kipimo cha shikamoo. Siku ya mazoezi mepesi, ukishindwa kuamkia vizuri, umezidisha mwendo. Siku ya mazoezi makali, unatimka toka mzee mmoja hadi mwingine, na pumzi uirudishe wakati wa salamu. Msimu ule, dakika za mwisho za mechi, kila mtu akihema kwa mdomo wazi, sauti ya Kobelo ilisikika uwanja mzima ikiwapanga wenzake kwenye skramu. Nilijisikia kama nimejenga nyumba.

Sasa nastaafu. Chekeni tu, sina hata mvi. Magoti ndiyo yaliyozeeka, na kuna ndoto nyingine inaniita, jimu ya wasichana palepale Mafiga. Wiki iliyopita nilipanda na timu kule Matombo mara ya mwisho, nikakimbia njia nzima kwa kujionyesha. Pale juu mchezaji mgeni akaniinamia.

"Shikamoo mwalimu!"

Nikafungua mdomo. "Ma... ma..."

"Anamwita mama yake," akasema Bibi Veronika.

Kobelo, aliyefika nyuma yangu, hakuhema hata kidogo. "Marahaba, mdogo wangu," akaitikia kwa niaba yangu. Nami nikamwekea mkononi ule ufunguo wa jimu ya timu.