Mzee wa Geti Kuu Hajibu Redio

Kazi yangu ni kutengeneza redio za mawasiliano, zile za mkononi wanazobeba walinzi, na majirani zangu pale Korogwe wakinisikia naitukana kompyuta wanajua niko kazini. Subira sikuzaliwa nayo. Nainunua kwa chai.

Shamba moja la mkonge huko Mazinde walikuwa wamechoshwa na wezi wa dizeli. Walinzi wakiambiana redioni "tunashuka bondeni," wezi nao wana kiredio chao cha bei poa vichakani, wanasikiliza, kisha wanapanda juu kunyonya matrekta. Hodari hao! Ndipo meneja akaleta redio mpya zenye ufunguo wa siri: maneno yanafungwa kwenye redio moja, yanafunguliwa kwenye nyingine yenye ufunguo uleule, na mwizi anaambulia mkoromo tu. Nikaitwa kuziprogramu.

Wiki haijaisha, meneja akanipigia simu. Mageti ya pembeni yanamwita kiongozi wa walinzi, mzee anayekaa geti kuu, naye hajibu. "Ama redio mbovu, ama mzee ameshindwa teknolojia," akasema. "Ijumaa nazijaribu mwenyewe. Asipojibu, anarudi kwao Kwaluguru, Handeni, nafasi naipa mtu mwingine."

Roho iliniuma. Mimi mwenyewe wa Handeni, na yule mzee hajawahi kuniacha nipite getini kwake bila kuniuliza hali ya mama, ya baba, ya mahindi, na ya mbuzi ambao hatuna. Mtu kama yule arudishwe nyumbani kwa sababu ya kitufe? Thubutu!

Nikachukua redio yake na ya geti la bondeni, nikaenda nazo kwenye banda langu Korogwe. Nikachomeka. Kompyuta ikasema haioni kitu. Nikachomoa, nikachomeka tundu jingine. Haioni. We kompyuta, redio hii hapa, nene kama tofali, huioni una kichaa? Kumbe waya. Ule wa zamani uliliwa na panya, na huu niliununua kwa mchuuzi Segera, akaniapia kwa watoto wake kwamba ni orijino. Nikaazima mwingine kwa fundi mwenzangu, kompyuta ikafumbua macho, halafu ikaanza jeuri mpya: programu ya zamani, redio za kisasa, haziongei. Nikashusha toleo jipya kwa bando la simu. Linakaribia kumaliza kushuka, umeme ukakatika. Maneno niliyosema, mama muuza vitumbua wa jirani aliacha kukaanga akanitazama.

Umeme uliporudi, mwishowe ikasoma. Masafa, sawa. Ufunguo, uleule kwenye redio zote mbili. Nikashika moja, nyingine nikampa mama wa vitumbua, nikavuka barabara. "Haloo, haloo, unanipata?" "Nakupata, na vitumbua vyangu vinaungua!" Redio nzima kabisa. Sasa mzee ana nini?

Alhamisi nikazirudisha Mazinde, kompyuta nayo mkobani, nikakaa na mzee kwenye kibanda cha geti kuu nilione hilo kosa kwa macho yangu. Haikuchukua muda redio ikaita, sauti safi: "Mzee, hapa geti la bondeni, kuna ng'ombe wameingia kwenye mkonge." Mzee akaitazama redio, akaigeuza kifudifudi mezani, akaendelea na chai yake.

"Mzee, si umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hujibu?"

"Mwanangu, asiyejua maana haambiwi maana."

Geti likaita tena. Mzee akajiongezea chai. Nikadandia bodaboda mpaka bondeni, nimewaka kwa hasira, nikamwambia mlinzi wa kule amwite mzee mbele yangu. Akabonyeza na papo hapo akasema, "Shikamoo mzee, hapa geti la bondeni." Nikashtuka. Shikamoo ilikuwepo! Mimi niliyekaa kando ya mzee sikuisikia hata kidogo.

Hapo akili ikanijia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Redio hizi ukibonyeza, kabla hazijapitisha sauti, kwanza zinakubaliana ufunguo. Ni kufumba na kufumbua, lakini ukisema papo hapo, neno la kwanza linapotea. Sisi mafundi tunajaribu kwa "haloo, haloo"; ya kwanza ikipotea, nani anajali? Huku kwetu neno la kwanza kwa mtu mzima ni shikamoo. Wiki nzima walinzi walikuwa wanamsalimia mzee wao kwa adabu zote, naye anasikia anaitwa kama mbuzi.

Dawa ilikuwa ndani ya programu. Kuna mlio mdogo wa kukujulisha kwamba njia imefunguka, na kiwandani walikuwa wameuzima. Nikauwasha, redio baada ya redio, na safari hii kompyuta ikatulia kama mkwe mpya. Kila mlinzi nikamwambia: bonyeza, subiri "pii," ndipo usalimie. Haraka haraka haina baraka. Mzee naye nikamweleza yote. Akaguna tu: "Tutaona."

Ijumaa meneja akasimama getini, mikono nyuma, akaagiza geti la bondeni liite.

Pii. "Shikamoo mzee."

Mzee akainyanyua redio. Hakujibu mara moja. Meneja akaangalia saa.

"Marahaba," mzee akasema. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mtoto homa imeshuka? Na wale ng'ombe mliwatoa?" Akaenda hivyohivyo mpaka redio ikamkatia kwa kuzidisha muda, akabonyeza tena, akaendelea. Meneja alishindwa kujizuia, akacheka. "Basi mzee, basi, kazi ni yako," akasema, akaingia kwenye gari lake.

Nikawa nakunja waya zangu, furaha imenijaa, nikamtania: "Mzee una hasira wewe! Wiki nzima umewanunia."

Akatikisa kichwa. "Sikununa. Zilipoletwa hizi redio mpya nilijua wanataka na mtu mpya. Waliponiita bila salamu, nikasema wameshaambiwa. Nikawaza, kumbe mtu ukishakuwa wa kuondoka, hata shikamoo hupewi tena."

Nikaziweka waya chini. Yeye akabonyeza, akasubiri mlio, akaita geti la juu, ambako hakukuwa na shida yoyote, akawauliza wameamkaje.