Mkeka Uliotandikwa Mara ya Pili

Baba alipofariki, dada yangu alikuwa nchi za nje, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulimsubiri ndipo tuzike. Alibadilisha ndege mara mbili njiani, akatua Mwanza asubuhi, akaja moja kwa moja nyumbani kwetu Kigongo, karibu na kivuko. Wakati huo daraja lilikuwa bado linajengwa.

Kwetu, mtoto akija kwenye msiba wa mzazi, kilio chake husikika kabla hajaonekana. Huingia ndani, hujitupa kwa mama aliyefiwa pale mkekani, na hapo ndipo hulala mpaka matanga yaishe. Wanawake walikuwa wameshasogea kumwachia nafasi ubavuni mwa mama. Dada alishuka kwenye teksi akiwa amevaa barakoa, akalia kama inavyotakiwa, lakini alipofika kwenye ua wa minyaa akasimama. Hakuingia.

Tulidhani anangoja mtu wa kumwingiza ndani. Nikaenda kumshika mkono, akauficha mgongoni. Alisema mama ana kifua kibovu, na sote tulijua hivyo, maana pumu ilikuwa imemtesa miaka mingi. Alisema huko alikotoka kimeingia kirusi cha korona cha aina nyingine, kinachoambukiza haraka kuliko cha kwanza, na kwamba wazee aliowahudumia wamekufa wengi. Ndege zinajaa watu wa kila nchi, wanakaa pamoja, wanakula pamoja, kisha kila mmoja anakwenda kwao na alichokipata.

Shangazi, dada yake baba, hakupunguza sauti.

"Umekuja kuzika au umekuja kutukagua?"

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mjomba akauliza kama huko uwanja wa ndege hawapimwi.

"Nilipimwa kabla ya safari, nikaonekana mzima," dada alisema. "Lakini karatasi haijui nilikaa na nani kwenye ndege."

Wakati wa mazishi alisimama upande wa shamba la mihogo. Watu walipomaliza kutupia udongo na kurudi kwenye turubai, ndipo akaenda kaburini peke yake, akatupia wake. Mama alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni. Sijawahi kuona mtu aliyehitaji kukumbatiwa kama dada siku ile, na ni yeye mwenyewe aliyekataa.

Alipanga chumba Buhongwa, upande wa Mwanza mjini. Nilikuwa nampelekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na samaki, naweka kwenye kigoda mlangoni, narudi nyuma hadi barabarani, ndipo anafungua na tunaongea. Baada ya siku chache sauti yake ikabadilika. Akawa anakohoa, na harufu ya samaki haisikii tena. Alipopimwa, alikutwa na korona. Kama ilikuwa ile aina mpya au ya zamani, sijui, hatukuambiwa. Ninachojua ni kwamba nyumbani hakuugua mtu. Mama aliendelea na kikohozi chake cha siku zote.

Mimi niliishia darasa la saba. Habari za virusi nazijua kwa kuambiwa tu. Lakini kila nilipokuwa narudi Kigongo nilijiuliza kama ningeweza, mimi, kufika hadi kwenye ua wa baba yangu aliyekufa nikasimama pale huku ukoo unanicheka. Sidhani. Ningeingia. Ningemkumbatia mama, na ningeona huo ndio upendo.

Dada alipopona na daktari kumruhusu, akaja. Msiba ulikuwa umekwisha. Turubai limeondolewa, masufuria yamerudi kwa majirani, mkeka umekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Kwetu mkeka wa msiba ukishakunjwa hautandikwi tena, watu husema ni kuita kifo kingine.

Safari hii dada aliingia ndani, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Mama alimgeukia shangazi, ambaye alikuwa bado hajaondoka.

"Wifi, tandika mkeka."

Shangazi akamkumbusha kwamba umeshakunjwa.

"Huyu hajamlilia baba yake mkekani," mama alisema. "Tandika."

Shangazi akaukung'uta, akautandika. Mama akakaa, akapapasa ubavuni mwake, mahali palepale wanawake walipopaacha wazi siku ile. Dada akajilaza hapo, na kilio kikaanza upya. Shangazi akavua kandambili, akakaa miguuni mwa dada.

Nikatoka nje, nikawaachia chumba.