Teke la Bunduki ya Baba

Fundi mmoja wa Rwezamenyo alipotia mafuta cherehani yake, harufu ile ilinirudisha utotoni Gahanga, kwenye bunduki mpya ya baba. Alikuwa mwindaji, na dukani alichagua kubwa kuliko zote.

"Hii iko na teke sana," mama alimwambia, akimkanda bega lililovilia damu. "Rudisha, chukua ndogo."

"Bega itazoea."

Halikuzoea. Nilimwona bondeni akijaribu shabaha. Kila alipotaka kufyatua alifumba macho, akiogopa lile teke. Nilicheka, wala sikumwambia mama.

Wiki hiyo alikwenda na mdogo wake kuwinda nguruwe mwitu. Alirudi amebeba maiti ya mdogo wake. Baada ya mazishi aliniita uani.

"Binti yangu, uliniona nikifumba macho?"

Nikasema sikuona.