Mkataba wa Atieno

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka kifua hunipanuka. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu kijana kutoka Mbita, nikifundisha hesabu darasa la nane huko Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu.

Niliwapa wanafunzi mikataba ya masomo: mtoto aahidi atajifunza nini, kwa njia gani, na atatuonyeshaje kwamba amejua. Nami, kwa pupa ya ujana, nikaijaza yote kwa mwandiko wangu mzuri. Wao wakatia sahihi tu, na kila mzazi alitakiwa naye atie sahihi au alama ya kidole. Mama yake Atieno, aliyekuwa akiosha mchanga wa dhahabu mtoni, akaurudisha wa binti yake bila alama ya kidole.

"Mwalimu, hapa nani ameahidi?"

"Atieno, mama."

"Atieno hajui kilichoandikwa. Nimemuuliza. Kama ahadi ni yako, basi na mtihani ufanye wewe!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; watoto wale walikuwa wamebeba ahadi zangu bila kuusikia uzito.

Nikampa Atieno karatasi tupu. Mama yake alikuwa amesema wazi: hesabu zikimshinda tena, ataacha shule wakaoshe mchanga pamoja. Kesho yake akaniletea maneno yake mwenyewe: "Nitajifunza uwiano. Nitafanya mazoezi kila jioni. Nitawagawia wachimbaji mawe yao ya dhahabu mbele ya wazazi wote, na Mwalimu asinisaidie."

Hilo la mwisho lilinichoma kidogo. Nikatia sahihi. Mama naye akaweka kidole.

Siku ya wazazi, Atieno alisimama ubaoni akagawa magunia ya mawe kati ya wachimbaji watatu, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na mwenye pampu ya kutoa maji shimoni je? Ama yeye anakula hewa?"

Pampu hakuwa ameiwazia. Chaki ikatulia mkononi. Nikainuka.

"Kaa, Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Tuliandikiana."

Nikakaa, mwanangu, na kukaa kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha. Akafuta ubao, akamuuliza mzee yule ni fungu gani huchukuliwa na mwenye pampu, akaanza upya. Alipomaliza, mzee akapiga hesabu yake kwa vidole, polepole, kisha akacheka.

"Ber! Nzuri! Huyu hawezi kunipunja."

Mama yake hakupiga makofi. Alisimama tu, akawatazama watu wote. "Huyo ni wangu," akasema. "Na mtoni haendi."

Basi usingoje mwalimu aahidi kwa niaba yako. Sema mwenyewe unachotaka kujua, kisha ukionyeshe mbele ya watu wako, maana mcheza kwao hutunzwa. Na siku utakapofundisha wengine, jifunze kukaa. Nyasaye, Mungu wetu, autie nguvu mkono wako ushikapo chaki, na akujalie watu watakaokungoja umalize.